Naftali Temu: Shujaa wa Mizunguko Ishirini na Mitano

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Methali hii hutajwa sana panapokuwa na ngoma au mashindano, lakini ni nadra watu kujiuliza mcheza kwao hutunzwa kwa kitu gani, na kwa muda gani. Maisha ya mwanariadha Naftali Temu yanaliibua swali hilo. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, askari huyu kijana kutoka nyanda za juu za Wagusii alishinda mbio za mita 10,000 na kuwa Mkenya wa kwanza kabisa kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Tangu siku hiyo, wanariadha wa Kenya wamerudi nyumbani na dhahabu nyingi za masafa mbalimbali. Hata hivyo, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyewahi kushinda mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki. Ajabu ni kwamba mtu aliyefungua mlango huo hatajwi mara nyingi kama wale walioupitia baada yake.

Mazingira Aliyokulia

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 katika jamii ya Wagusii, magharibi ya Kenya. Zama hizo, eneo ambalo leo limegawanyika kuwa kaunti mbili za Kisii na Nyamira lilikuwa chini ya utawala mmoja wa kikoloni. Nyamira ilikuja kutengwa na Kisii na kuwa wilaya peke yake mwishoni mwa miaka ya 1980, na zote mbili zikawa kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo, katika ujana wa Temu, mtu wa Nyamira na mtu wa Kisii waliitwa kwa jina moja, nao waliliitikia jina hilo bila kinyongo.

Hiyo ni nchi ya vilima na mabonde. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira hupita mita 2,000. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ardhi huzaa ndizi, mahindi, wimbi, kahawa, chai na pareto. Mashamba ni madogo na watu ni wengi. Hakuna safari isiyokuwa na mteremko, wala mteremko usiokuwa na mpando wake. Mtoto wa kizazi hicho aliyetumwa mtoni kuteka maji alishuka bondeni mikono mitupu, akarudi akiupanda mlima akiwa na mzigo. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Yalikuwa kazi za nyumbani tu, lakini mapafu na miguu haikujali yaliitwaje.

Mpira wa Miguu na Mbio

Ili kuielewa nafasi ya Temu, yafaa kukumbuka hali ya michezo katika Afrika ya Mashariki wakati alipozaliwa. Mashindano yaliyovuta macho na masikio ya watu wa eneo hili yalikuwa ya kandanda, na hasa Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolitoa. Kombe hilo lilianza kushindaniwa na timu za Kenya na Uganda mwaka 1926. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, mwaka uleule aliozaliwa Temu, na baadaye Zanzibar nayo ikaingia. Lilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1966, na mwaka uliofuata mashindano ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati yakachukua nafasi yake.

Kombe hilo lilikuwa na maana iliyopita mabao. Wananchi waliokuwa wakitawaliwa na mkoloni mmoja, na ambao bado hawakuwa na bendera zao wenyewe, walipata mahali pa kujiona kuwa Wakenya, Waganda au Watanganyika. Mchezaji aliyevaa jezi ya Kenya aliacha kuwa mtu wa kabila lake kwa muda wa dakika tisini. Hivyo, kabla ya kuwako serikali huru, tayari kulikuwako timu za taifa.

Kisii ilitoa mchango wake kwa taifa hilo lililokuwa likizaliwa kwa njia nyingine: mbio za masafa marefu. Wa kwanza kuvuma alikuwa Nyandika Maiyoro. Alikuwamo katika kikosi cha kwanza cha Kenya kushiriki Olimpiki, mjini Melbourne mwaka 1956, ambako alikuwa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Rome, alikuwa wa sita. Kisha akaja Arere Anentia, Mgusii mwingine, aliyeshinda medali ya shaba katika mbio za maili sita kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff mwaka 1958. Leo, mbio za Kenya zinapotajwa, fikira za wengi huenda moja kwa moja Bonde la Ufa. Katika miaka hiyo ya 1950, waliokuwa wakiujulisha ulimwengu kwamba Mkenya anaweza kukimbia masafa marefu walitoka kwa sehemu kubwa katika vilima vya Kisii. Temu alikuwa kijana mdogo majina hayo yalipokuwa yakisemwa majumbani na sokoni. Alirithi njia iliyokwisha kukanyagwa.

Maisha ya Jeshi

Kama wanariadha wengi wa kizazi chake, Temu alijiunga na jeshi. Uamuzi huo una uzito katika historia ya riadha ya Kenya. Katika miaka ya 1960, Olimpiki ilikuwa michezo ya ridhaa; mwanariadha aliyepokea fedha kwa kukimbia alipigwa marufuku. Maskini hakuwa na namna ya kufanya mazoezi kila siku na bado ale. Jeshi, polisi na magereza yalitatua tatizo hilo. Yaliwapa vijana mshahara, chakula, viatu, uwanja na muda, nayo yakaandaa mashindano baina ya vikosi ambamo vipaji vilichujwa.

Jeshi lilikuwa pia shule ya lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya makambini tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles, KAR, kiasi kwamba namna ya Kiswahili iliyosemwa na askari hao ilipewa jina lake yenyewe, Kikeya. Wasomi wa lugha wameichekea mara nyingi kwa kuvunjavunja sarufi. Pamoja na hayo, ndiyo iliyomwezesha Mgusii, Mkalenjin, Mkamba na Mtaita kulala bweni moja na kukimbia bega kwa bega. Temu aliyetoka katika kaya ya Ekegusii aliingia katika Kenya pana kupitia milango miwili kwa wakati mmoja: mbio na Kiswahili.

Tokyo na Kingston

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa ya Tokyo, mwaka 1964, alipokuwa na umri wa miaka 19. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Temu alishiriki marathoni, mbio zilizoshindwa na Mhabeshi Abebe Bikila kwa mara ya pili mfululizo, naye akamaliza mbali sana nyuma yake. Aliyeng'ara kwa upande wa Kenya alikuwa Wilson Kiprugut, aliyepata shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika historia ya Olimpiki. Temu alirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini alikuwa amewaona mabingwa wa dunia kwa macho yake, na mtu aliyemwona simba mchana hamwogopi sana usiku.

Mwaka 1966 michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, nchini Jamaika. Katika maili sita, mshindi alionekana kujulikana kabla ya bastola kulia. Ron Clarke wa Australia ndiye aliyekuwa mfalme wa masafa marefu duniani. Mwaka uliotangulia, mjini Oslo, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28. Mbele ya mtu kama huyo, kijana wa Kisii alionekana kuwa mmoja tu wa wasindikizaji.

Jua la Kingston lilikuwa kali. Temu alimfuata Clarke bila kumwachia nafasi, na wakati wake ulipofika akampita na kumwacha. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde zipatazo 14, huku Clarke akifika zaidi ya sekunde 20 baadaye. Katika mbio za uwanjani, sekunde 20 si tofauti ndogo. Ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Katika michezo hiyohiyo Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu. Kwa Wagusii, ushindi wa Temu ulikuwa na ladha ya pekee. Shaba aliyoipata Anentia katika maili sita miaka minane kabla yake ilikuwa imegeuka dhahabu.

Siku ya Mexico

Olimpiki ya mwaka 1968 ilipopewa jiji la Mexico, kulizuka mabishano makali. Jiji hilo liko kwenye kimo cha mita 2,240, mahali ambapo hewa ni nyepesi na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko pwani. Kwa mrukaji au mkimbiaji wa mita 100, hewa hiyo ni rafiki. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu ni adui, kwani misuli hudai oksijeni kwa muda mrefu na haipati ya kutosha. Mwili wa mtu aliyezaliwa na kukulia nyanda za juu huwa umejizoeza tangu utotoni kubeba oksijeni zaidi katika damu. Yule anayetoka bondeni huhitaji majuma mengi kujizoeza, na hata hivyo halingani kabisa na mwenyeji.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa siku ya kwanza ya riadha, tarehe 13 Oktoba. Ni mizunguko 25 ya uwanja. Kenya ilimtegemea zaidi Keino, ambaye wakati huo alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya kibofu cha nyongo. Mbio zilianza polepole, kila mmoja akimchungulia mwenzake, maana wote walijua kuwa atakayekosea mwendo katika hewa ile hatapata nafasi ya kutubu. Mizunguko ilivyozidi kupungua ndivyo kundi lilivyozidi kumeguka. Mizunguko michache kabla ya mwisho Keino alizidiwa na maumivu akaanguka nje ya njia. Baada yake Clarke, aliyekuwa amekuja kuitafuta dhahabu ambayo rekodi zake zote hazikuwa zimempa, alianza kuachwa. Alimaliza wa sita na kuzimia kwenye utepe, akahudumiwa kwa oksijeni.

Walibaki watatu, wote Waafrika: Mamo Wolde wa Ethiopia, Mohammed Gammoudi wa Tunisia, na Temu. Katika mzunguko wa mwisho Wolde alichomoka, na kwa muda ikaonekana kwamba mambo yamekwisha. Temu hakuharakisha kama mtu aliyepigwa na hofu. Aliipunguza nafasi hatua kwa hatua, na katika mnyoosho wa mwisho akampita Mhabeshi huyo. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde alifuata kwa dakika 29 na sekunde 28.0. Baada ya mizunguko 25, dhahabu na fedha zilitenganishwa na sehemu sita za kumi za sekunde moja.

Muda huo ulikuwa mrefu kuliko rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Wako waliousoma kama dosari, wakasema kuwa kimo cha Mexico kiliwapendelea watu wa milimani. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Milima ilimpa Temu mapafu. Haikumpa subira ya kumngoja Wolde hadi hatua za mwisho, wala haikumpa ushindi wa Kingston, mji ulio kando ya bahari, alikomshinda Clarke huyohuyo pasipo msaada wa hewa nyepesi. Aidha, Wolde naye alikuwa mtu wa nyanda za juu. Baina yao wawili, kimo hakikumpendelea yeyote.

Temu hakupumzika. Tarehe 17 Oktoba, baada ya kupita mchujo, alikuwa uwanjani tena kwa fainali ya mita 5,000. Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili, na Temu wa tatu, wote watatu wakitenganishwa na chini ya sekunde mbili. Tarehe 20 Oktoba alikimbia marathoni, akamaliza wa 19, huku Wolde akijipatia dhahabu yake hatimaye. Mtu mmoja alikuwa amekimbia mbio tatu za masafa marefu katika muda wa siku nane, na kupata medali katika mbili kati yake. Kenya iliondoka Mexico na medali tisa: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili. Amos Biwott alipata dhahabu katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Keino katika mita 1,500. Ila ya Temu ndiyo iliyotangulia, na kwa mara ya kwanza bendera ya Kenya ilipandishwa juu ya nyingine zote uwanjani mwa Olimpiki.

Miaka ya Baadaye

Nyota ya Temu haikuwaka muda mrefu baada ya Mexico. Alikwenda Munich mwaka 1972, lakini katika mita 10,000 hakupita mchujo. Kizazi kipya kilikuwa kimekuja, na Lasse Virén wa Ufini alishinda mbio hizo kwa rekodi mpya ya dunia. Temu alistaafu riadha akiwa bado hajafikisha miaka 30.

Medali ya dhahabu wakati huo haikuwa na hundi nyuma yake. Hapakuwa na kampuni za viatu za kumlipa, wala mashindano ya mabarabarani yenye zawadi za mamilioni, kwa kuwa sheria za ridhaa zilikuwa zingali na nguvu. Tunzo aliyopewa ilikuwa ya ardhi. Rais Jomo Kenyatta alimzawadia shamba huko Borabu, Nyamira, katika ukanda uliokuwa wa walowezi wa Kizungu kabla ya uhuru. Kwa Mgusii, zawadi hiyo si haba. Katika nchi ambayo ndugu hugawana vishamba hadi mpaka ukagusa ukuta wa nyumba, shamba ni kitu cha kulisha wana na wajukuu. Shujaa aliyewashinda walimwengu alirudi kuwa mkulima miongoni mwa wakulima.

Aliugua saratani, akafariki dunia jijini Nairobi tarehe 10 Machi 2003, akiwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 58.

Kumbukumbu Yake

Zipo sababu za Temu kufunikwa na kivuli cha wenzake. Keino alikimbia mita 1,500, mbio fupi zinazotazamika kwa urahisi, na maisha yake ya baadaye katika uongozi wa Olimpiki ya Kenya yaliliweka jina lake midomoni mwa watu. Mbio za kuruka viunzi na maji, alizoshinda Biwott, zikageuka kuwa mali ya Kenya kwa miongo mingi, hivyo kila ushindi mpya ulimkumbusha mtu ule wa kwanza. Temu hakupata bahati hiyo. Katika umbali wake hakupata mrithi.

Si kwamba watu hawakujaribu. Richard Chelimo alikuwa wa pili mjini Barcelona mwaka 1992. Paul Tergat alikuwa wa pili Atlanta mwaka 1996, na tena Sydney mwaka 2000, aliposhindwa na Haile Gebrselassie kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa kwa jicho. Paul Tanui naye alikuwa wa pili Rio de Janeiro mwaka 2016. Kila walipoikaribia dhahabu, iliwaponyoka. Ilichukua miaka 56 kabla ya Mkenya mwingine kushinda mita 10,000 kwenye Olimpiki, naye alikuwa mwanamke: Beatrice Chebet, mjini Paris mwaka 2024. Kwa upande wa wanaume, kiti alichokikalia Temu alasiri ile ya Mexico bado hakijapata mwingine wa kukikalia.

Hapo ndipo thamani yake inapoonekana upya. Kwa muda mrefu ushindi wa Temu ulichukuliwa kama mwanzo tu, kama hatua ya kwanza ambayo wengine wangeipita kwa urahisi. Kushindwa kwa mabingwa wakubwa kuliko yeye kumeonyesha kwamba alilolifanya halikuwa jambo jepesi.

Hitimisho

Naftali Temu hakuandika kitabu. Alichokiacha ni tarehe moja, muda mmoja na shamba moja. Taifa lilimtunza kwa ardhi, na ardhi ni tunzo nzuri kwa mtu aliye hai. Mtu aliyekwisha kufa hutunzwa kwa namna nyingine, yaani kwa kutajwa: katika vitabu vya shule, katika matangazo ya michezo, na katika lugha ambayo askari wa makabila yote waliitumia kambini mwake. Watoto wa Kisii na Nyamira wangali wanashuka mabondeni na kuipanda milima ileile. Wakiambiwa kuwa mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza, methali ya wahenga itakuwa imetimia.